Chafya Nyuma ya Mlango wa Kobilo

Tangu tulipoiacha hadithi wiki iliyopita, mlango wa Kobilo unagongwa na haujafunguliwa. Turudi upesi, kabla mgongaji hajakata tamaa.

Ndani ya nyumba ile ya duara, nyuma ya nyumba kubwa ya mabati, wamo wanawake wanne na mtoto mmoja. Komeo limeshuka. Jerono, mkimbiaji wetu, ameketi kwenye kigoda na amempakata mwanawe Kipruto wa miezi minane. Mama mkwe wake, Kobilo, amechuchumaa mbele yao na ugoro kidogo kwenye ncha ya kidole. Nyuma yake wako wenzake wawili wa rika: Tabarno, ambaye ulimi wake haujui kupumzika, na mama mmoja mnene wa jirani ambaye amesinzia tangu walipoingia.

"Hodi tena," sauti ya mwanamke ilisema nje. "Natafuta Truphosa Jerono. Mimi naitwa Mghoi. Natoka kwa wapimaji."

Jerono alimkaza mtoto kifuani.

Wapimaji. Huku Iten neno hilo hutamkwa kama kwingine watu wanavyomtaja chui. Ndio wanaokuja bila taarifa kutafuta pufya, zile dawa za kukimbia kwa nguvu zisizo zako. Mwanariadha mkubwa huwaambia mapema: kila siku, saa fulani, mtanikuta mahali fulani. Wao huja siku wanayotaka wao. Wakikukosa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, unafungiwa miaka miwili, hata kama hujameza chochote zaidi ya ugali.

Jerono alikwisha kukosekana mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amekimbilia kwao, mama yake aliugua ghafla na simu ikazima njiani. Mara ya pili alikuwa amehamia hapa kwa mama mkwe ili asaidiwe kulea, akasahau kuwaarifu. Wakagonga nyumba tupu kule mjini mpaka mbwa wa jirani akachoka kubweka.

Leo yupo pale pale aliposema, saa ile ile aliyosema, kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi. Shida ni kwamba yupo nyuma ya mlango usiofunguliwa. Na Alhamisi timu ya taifa inapanda ndege kwenda mashindano ya dunia, na yeye ndiye wa kwanza kuchaguliwa katika marathoni, yeye ambaye watu walisema mtoto amemmaliza.

"Kogo," alimnong'oneza mama mkwe wake, akimwita bibi kwa heshima, "huyo nje ni kazi yangu. Lazima nitoke."

"Kaa," Kobilo alisema bila kugeuka. "Nimefika kwa babu yake mumeo upande wa kuumeni. Usinichanganye."

Kwa nini hawezi kutoka? Msomaji wa huku anajua. Msomaji wa mbali asikie kidogo tu: mtoto wetu huja na mtu. Mmoja wa waliotangulia hurudi naye. Basi kina mama wazee hukaa alfajiri na kuwaita waliotangulia kwa majina, mmoja mmoja, na ugoro kidogo puani mwa mtoto. Jina likitajwa na mtoto akapiga chafya, huyo ndiye. Na mkishaanza kuita, hatoki mtu mpaka ajibu. Ukitoka katikati, anayekuja anakutana nawe mlangoni na kurudi alikotoka.

Kipruto alikwisha kuitiwa, akiwa mchanga. Alipiga chafya kwa jina la Arap Sirma, watu wakashangilia, mbuzi akachinjwa. Kumbe mtoto siku ile alikuwa na mafua. Alipiga chafya kwa Arap Sirma, akapiga chafya kwa kuku aliyepita, akapiga chafya mpaka jioni. Kobilo alijua, lakini mbuzi alikuwa ameshaiva.

Tangu siku ile mtoto halali. Analia usiku kucha kama aliyepewa viatu vya mtu mwingine. Na mama asiyelala, hata awe na miguu ya swala, hashindi mtu.

"Hebu nimsikilize Kimosop anamwambia nini mgeni," Jerono alisema.

Kimosop, mume wake, alikuwa nje na ng'ombe. Wanaume hawaingii shughuli hii. Sauti yake ilisikika ikija kutoka zizini, tamu kama ya mwenye duka.

"Chamge, madam. Karibu sana. Umeamkaje? Chai iko jikoni."

"Nimeamka salama, asante. Truphosa yuko?"

"Jerono? Ah, Jerono hayuko, madam. Ametoka mazoezini mapema. Wakimbiaji, unawajua. Si ungerudi hata kesho?"

Ndani ya nyumba ya duara, Jerono aligeuka kuutazama mlango. Hayuko. Neno moja tu, na mume wake mwenyewe ndiye aliyelisema. Hiyo ndiyo mara ya tatu.

"Nipo," alipaza sauti. "Niko humu ndani. Nipo."

Nje, zizini, ndoo ilianguka.

"Kumbe yumo," Mghoi alisema taratibu.

"Aa, yumo, ndiyo, kumbe amerudi," Kimosop alisema. "Huyu mwanamke ana mbio, hata mimi simwoni akipita."

"Nyumba ina mlango mmoja, na mimi nimesimama mbele yake."

"Ndiyo nakwambia ana mbio."

Tabarno aliziba mdomo kwa ukingo wa leso, mabega yakimtikisika. Jerono hakucheka. Mghoi alikuwa amesogea karibu na mlango, na sauti yake sasa ilikuwa ya kikazi.

"Truphosa, nisikilize. Kama hungekuwepo, ningeandika umekosekana, na hiyo ni miaka miwili. Lakini upo, na hufungui. Hiyo inaitwa kukataa. Kukataa ni miaka minne."

Miaka minne. Jerono alipiga hesabu ya mama, si ya mkimbiaji: Kipruto atakuwa anachunga ndama.

Alisimama. Alimweka mtoto begani, akafika mlangoni, akashika komeo.

"Jerono." Kobilo hakupandisha sauti. "Fungua ukitaka. Mimi ni mzee, siwezi kukuzuia. Lakini ukitoka, huyu mtoto atabaki na Arap Sirma, mtu ambaye hata mkewe alishindwa naye kwa kununa kwake. Utakimbia huko duniani wakupigie makofi. Nani atambembeleza huyu?"

Kipruto, kana kwamba ameitwa shahidi, akaanza kulia. Kilio kile kile cha usiku, chembamba, kisicho na machozi, kinachoanzia tumboni. Kila aliyewahi kulea anakijua. Si cha njaa wala cha baridi. Ni kilio cha kuuliza, na huna jibu.

Jerono alisimama na mkono mmoja kwenye komeo na mwingine mgongoni mwa mwanawe. Alikuwa amesoma mpaka darasa la mwisho, alikuwa amepanda ndege mara nyingi kuliko waziri. Kichwa chake kilimwambia fungua. Mkono haukutii.

Ndipo wazo likamjia.

"Kogo, si mnasema asitoke mtu?"

"Hatoki."

"Je, kuna anayesema asiingie mtu?"

Kobilo alimgeukia Tabarno.

"Mwanamke anaweza kuingia," Tabarno alisema. "Mimi mwenyewe kwa mjukuu wa Tapsubei nilichelewa, nikaingizwa katikati. Tena nikaikuta pombe imebaki."

"Lakini mgeni? Asiye wa huku?"

"Ni mwanamke. Unataka wamlete na cheti?"

Kobilo alifikiri. Kipruto alilia. Nje, Mghoi alikohoa.

"Basi aingie," Kobilo alisema mwishowe. "Lakini aingie kwa mguu wa kulia, na akishaingia, sheria ni ile ile."

Jerono alivuta komeo, akafungua upenyo mwembamba, akatoa mkono mmoja na kumvuta Mghoi ndani kama mtu anayevuta gunia la viazi. Kimosop alikuja mbio kutoka zizini.

"Madam, ngoja, usiingie, kuna moshi humo, nguo zako—"

Mlango ukafungwa usoni pake. Komeo likashuka.

Mghoi alikuwa mama wa makamo kutoka Taita, mfupi, mwenye miwani, na kisanduku chake cha baridi kifuani kama mtoto wa pili. Alisimama gizani akipepesa macho.

"Truphosa Jerono?"

"Ni mimi, madam. Kitambulisho hiki hapa."

"Asante. Nimekukuta ndani ya saa yako. Kuanzia sasa hutoki machoni pangu mpaka nipate mkojo wako."

"Na wewe," Kobilo alisema, akimwonyesha kigoda, "kuanzia sasa hutoki mlangoni pangu mpaka mtoto apige chafya. Keti."

Jerono alipumua. Mara ya tatu imepita. Hakukosekana, hakukataa. Kama angeweza, angelala pale pale sakafuni.

"Mtoto apige nini?" Mghoi aliuliza.

Walimweleza, wote watatu kwa pamoja, na mama mnene akaamka katikati na kuuliza huyu ni nani, akaambiwa ni daktari wa mikojo, akasema karibu, akasinzia tena.

"Na huwa inachukua muda gani?" Mghoi aliuliza.

"Inategemea ukoo una wafu wangapi," Tabarno alimjibu. "Hawa wana wengi. Ni watu wa kula nyama mbichi."

"Nyama gani mbichi?" Kobilo alisema. "Ukoo wenu ndio mlikuwa mkila na ngozi."

"Tulikuwa na meno."

"Nyamazeni, tuite," Jerono aliwasihi.

Kobilo alirudi kazini. Alimpaka mtoto ugoro chembe tu chini ya pua, akaita kwa sauti ya kuimba. Arap Mosonik, ni wewe? Kipruto alimtazama. Arap Mosonik, mwenye shamba la mtama, ni wewe? Kipruto alimshika pua.

"Si yeye."

Arap Tireito, mwindaji, ni wewe? Mtoto alipiga miayo.

"Huyo alikuwa mvivu hata akiwa hai," Tabarno alisema. "Hawezi kuja alfajiri."

Wakaita wa upande wa bibi. Wakaita aliyekufa kwa radi na aliyekufa kwa kucheka. Wakamwita mmoja ambaye Kobilo hakumpenda, akamwita haraka haraka na kwa sauti ndogo ili asisikie. Hakuna chafya. Kipruto alikuwa ameacha kulia sasa, akawa anacheka, akidhani wanawake hawa wazima wanachezea pua yake kwa ajili yake.

Jua lilianza kuingia kwenye nyufa za mlango. Nje, Kimosop alikuwa akitembea. Unasikia hatua zinakwenda, zinarudi.

"Mama Kipruto," aliita kupitia ufa. "Bado? Huyo madam asije akachelewa safari yake. Mwambieni tu aje wakati mwingine."

"Nitakaa," Mghoi alijibu.

"Jamani, mimi namhurumia tu."

"Mume wako ana huruma sana," Mghoi alimwambia Jerono.

"Ni mtu mzuri," Jerono alisema, na alimaanisha. Kimosop ndiye aliyekuwa akimfuata kwa baiskeli kwenye barabara za vumbi akimbebea maji. Ndiye aliyefua nepi mbele ya wanaume wenzake, wakamcheka mpaka wakachoka, akaendelea kufua.

Kobilo alifika mwisho. Aliangalia ugoro uliobaki kidoleni, akaangalia mtoto.

"Nimewaita wote," alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Hakuna aliyejibu. Labda hataki mtu wa kwetu."

Jerono alimkumbatia mwanawe. Basi ndivyo. Usiku mwingine na mwingine, na huko mashindanoni atakuwa anawaza kilio kinachotoka upande mwingine wa dunia.

Mghoi alivua miwani akaifuta. "Samahani kuuliza. Mmewaita wote kweli?"

"Wote waliozikwa."

"Kuna ambaye hakuzikwa?"

Kobilo na Tabarno waliangaliana kama watoto waliokutwa na sukari.

"Yupo mmoja," Tabarno alisema.

"Huyo hatajwi," Kobilo alisema.

"Kisorio."

"Nimesema hatajwi, na wewe unamtaja."

"Nimemtaja kwa mgeni, sikumwita."

Mghoi aliuliza kwa upole huyo Kisorio alifanya nini. Kobilo alijibu akiangalia ukuta. Alikuwa ndugu wa babu mkubwa wa ukoo huu. Alishuka bondeni, akachukua ng'ombe wa watu wengine, kundi zima, akakimbia nao. Walimfukuza mpaka wakachoka, wakapumzika, wakamfukuza tena. Hakushikwa. Lakini nyumbani nako hakurudi. Aliaga kwamba atakuwa kwa shangazi yake, na kwa shangazi hakuonekana.

"Ni lini hiyo?"

"Kabla ya Wazungu."

"Basi ameshakufa, mama."

"Nani alimwona akifa?" Kobilo aliuliza. "Huwezi kumwita mtu ambaye labda yu hai. Itakuwa ni kumwapiza."

"Angekuwa hai angekuwa na miaka zaidi ya mia na hamsini."

"Kisorio alikuwa mbishi," Tabarno alisema. "Mimi singeweka mkono motoni."

Mghoi alivaa miwani yake tena, akajiweka sawa kwenye kigoda.

"Mama," alisema, "mimi kazi yangu ni watu wanaosema watakuwa mahali fulani na ukienda hawapo. Nimefanya kazi hii miaka mingi. Nakuhakikishia, asiyepatikana anapenda kutafutwa. Mwite."

Kobilo alichukua ugoro, safari hii si chembe. Alichukua wa kutosha ng'ombe. Alimsogelea mtoto, akavuta pumzi, na kwa bahati mbaya, au nzuri, akapuliza kidole.

"Kisorio," aliita. "Kisorio wa mbio, Kisorio wa ng'ombe za watu, ni wewe?"

Chafya iliyotoka ilitikisa vibuyu ukutani. Mama mnene alisimama wima usingizini. Kuku walipiga kelele nje.

Lakini ilikuwa ya Mghoi.

Wote walimgeukia. Miwani yake ilikuwa imeruka mpaka mapajani mwa Tabarno.

"Samahani," alisema, machozi yakimtoka. "Huo ugoro wenu."

"Wewe si wa ukoo huu," Kobilo alimwambia kwa ukali. "Ziba pua."

"Sasa hiyo inahesabiwaje?" Tabarno aliuliza. "Huenda Kisorio alifika mpaka Taita. Hatujui alipeleka wapi wale ng'ombe."

Kabla mtu hajamjibu, Kipruto alikunja uso. Alikunja pua, alifumba jicho moja, akafungua kinywa, akakiacha wazi. Wanawake wanne na mpimaji walishika pumzi. Mtoto alifikiri. Mtoto alifikiri tena.

Akapiga chafya.

Moja, kavu, safi. Haikuwa ya mafua. Kisha akalaza kichwa kwenye ziwa la mama yake, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetoka mbali, na akalala. Jerono hakuamini. Aliinamia uso ule mdogo na kuusikiliza. Miezi minane hajawahi kumwona akilala bila kupigana naye.

Vigelegele vilipanda mpaka kwenye paa. Tabarno alicheza na miwani ya watu usoni. Kobilo alifuta macho kwa mgongo wa mkono akisema ni ugoro, ni ugoro tu.

"Mwizi wa ng'ombe," alisema. "Kati ya wazee wote wa heshima. Haya, karibu nyumbani, Kisorio. Tulikutafuta."

Komeo lilipandishwa. Jua lote likaingia. Kimosop alikuwa amesimama kizingitini, jasho limemtiririka, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

"Amejibu?" aliuliza.

"Amejibu. Ni Kisorio," Jerono alimwambia, akicheka na kulia kwa pamoja. "Mtazame. Analala."

Kimosop alimtazama mwanawe, akatabasamu. Tabasamu halikukaa. Macho yake yalikuwa kwenye kisanduku cha Mghoi.

"Sasa zamu yangu," Mghoi alisema. "Choo kiko wapi?"

"Kule nyuma," Jerono alisema. "Lakini sina kitu, madam. Nilikwenda kabla hatujaanza."

"Tutangoja."

"Na ukienda naye chooni," Kobilo aliuliza, "unamngoja nje?"

"Hapana, mama. Lazima nione unatoka."

"Unaona nini?"

"Mkojo ukitoka."

Kobilo alikaa chini polepole. "Ulisomea?"

"Nilisomea."

"Na wazazi wako wanajua?"

Tabarno alilazimika kutoka nje ashike mti. Hata Mghoi alicheka, na Jerono akaona kwamba siku hii imegeuka. Mtoto amelala, mpimaji anacheka, Alhamisi ndege inaruka na yeye amo.

Kobilo, kwa furaha, alifuata kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando. Siku ya jina hainywewi chai. Alikitikisa, akamimina bakuli la kwanza, akampa Jerono.

"Kunywa, utakojoa mpaka huyu dada ashangae."

Mghoi alinyoosha mkono katikati. "Samahani, mama. Kabla ya kupimwa asinywe kitu ambacho hakikufungwa. Nina chupa za maji hapa. Atachagua mwenyewe, atafungua mwenyewe."

"Maji? Siku ya jina?"

"Ni sheria tu. Inamlinda yeye. Mtu asije akasema kilitiwa kitu."

Kobilo alinyanyuka, kibuyu mkononi. Sasa alikuwa amekasirika kweli.

"Nani amtilie kitu? Mimi? Huyu ni mke wa mwanangu, namlisha kwa mikono hii tangu ajifungue. Sijawahi kumtilia kitu kibaya. Hata ile dawa ninayomwekea kila jioni ni ya kumsaidia."

Mghoi aliweka chupa ya maji chini.

"Dawa gani, mama?" Mghoi aliuliza. Aliuliza kwa upole, kama alivyouliza habari za Kisorio.

"Ya kuongeza maziwa ya mtoto. Ya unga. Kijiko kwenye mursik."

"Kogo," Jerono alisema, "ni ile ya mizizi? Ile ya msituni uliyonionyesha?"

"Ile iliisha zamani. Hii ni nzuri zaidi, ya kizungu." Kobilo aliwatazama mmoja mmoja, hasira ikimwisha, hofu ikianza kumpanda. "Kwani kuna ubaya? Mimi sikuinunua. Aliniletea Kimosop. Akasema nisikwambie, kwa vile hupendi kumeza vitu."

Jerono aligeuka kizingitini.

Kimosop, ambaye asubuhi ile alikuwa na jibu kwa kila swali, alisimama akiangalia viatu vyake, mikono imening'inia.

"Mama Kipruto," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo sana. "Njoo nje kidogo tuongee."

Jerono alipiga hatua. Mkono wa Mghoi ulikuwa tayari begani pake, mwepesi, lakini hautoki.

"Haruhusiwi kutoka machoni pangu," Mghoi alisema. "Ongea naye hapa."

"Ni mambo ya mtu na mkewe, madam."

"Ongea hapa, Kimosop," Jerono alisema. Alimshika mtoto vizuri zaidi kifuani ili asiamke. "Mbele ya mama yako. Ile dawa ni ya nini?"

Kimosop alimtazama mwanawe aliyelala. Kisha akamtazama mkewe, mwanamke aliyeshinda marathoni kule Ureno wiki tano zilizopita wakati hakuna aliyemtarajia, wala mwanamke huyo mwenyewe hakuelewa nguvu zile zilitoka wapi.

"Haikuwa ya maziwa," alisema.